Pumu kali na vijidudu vya mapafuni: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mapafu ya mtu mwenye afya hayana kijidudu hata kimoja."

Vitabu vya tiba vilifundisha hivyo miaka mingi, kwa sababu bakteria wengi wa mapafuni hawaoti maabara kwa njia za kawaida. Walipotafutwa kwa vinasaba, walionekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwakuta hata kwa watu wasio na pumu, bakteria aina ya Prevotella wakiwa wengi, ilhali wenye pumu walikuwa na Haemophilus zaidi. Wengi wao hushuka kutoka mdomoni na kooni, na mapafu huwatoa kwa ute na kikohozi.

Kwenye pumu kali, yaani isiyotulia hata kwa dawa zinazotumika sawasawa, utaratibu huo huvurugika. Pale Haemophilus au Moraxella wanapotawala, mara nyingi makohozi hujaa nyutrofili, chembe nyeupe za damu ambazo steroidi, dawa za kutuliza uvimbe wa njia ya hewa, hazizitulizi vizuri. Ndiyo maana wapo wagonjwa wanaovuta dawa sawasawa na bado wanabanwa.

"Makohozi ya njano yanataka antibayotiki."

Hii ndiyo inayotusumbua zaidi. Baridi ya Juni na Julai ikishika Mbeya na Makambako, watu hukimbilia duka la dawa kununua amoksilini. Lakini mashambulizi mengi ya pumu huchochewa na virusi vya mafua, na antibayotiki haziui virusi. Rangi ya njano huletwa na chembe za kinga, zikiwemo eosinofili za pumu yenyewe. Antibayotiki zina nafasi yake kukiwa na dalili za nimonia: homa, kichomi, au doa kwenye eksirei. Mtu mzima aliyebanwa anahitaji salbutamoli, dawa ya kufungua njia ya hewa, mipulizo 4 hadi 10 kwa speisa (chombo kinachounganishwa na pampu ya pumu) kila dakika 20 katika saa ya kwanza, huku akipelekwa kituo cha afya. Huko mara nyingi huongezewa prednisoloni, steroidi ya vidonge. Asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au midomo imegeuka rangi, asisubiri kuona kama itapoa.

"Basi azithromisini inaponya pumu kali."

Antibayotiki hii haiponyi. Utafiti wa Australia wa mwaka 2017 uliwapa watu wazima miligramu 500 mara tatu kwa wiki, kwa wiki 48, juu ya dawa zao za kuvuta. Mashambulizi yalipungua kwa takribani asilimia 40, hayakuisha. Dawa hii inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na usikivu, na huzalisha bakteria sugu. Kabla ya kuianza hupimwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na makohozi huchunguzwa kama yana bakteria wa jamii ya kifua kikuu. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe TB kwanza. Dozi ya siku tatu ya dukani si tiba hiyo.

"Pampu imegoma, vijidudu vimekuwa sugu."

Tukimwomba mgonjwa avute mbele yetu, mara nyingi jibu linaonekana hapo hapo: hakutikisa, amebofya akiwa ameshamaliza kuvuta hewa, au dawa ya kuzuia aliiacha alipopata nafuu. Pumu haiitwi kali hadi hayo yarekebishwe.

Tikisa pampu, toa hewa yote, bana midomo, bofya mara moja huku ukivuta taratibu, zuia pumzi hadi sekunde 10. Speisa ya dukani ikiwa ghali, chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako tundu linalobana mdomo wa pampu, ziba pembeni kwa utepe, kisha vutia kwenye mdomo wa chupa. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata umemetuli na dawa hunata ukutani. Baada ya dawa ya steroidi sukutua na uteme, maana fangasi za mdomoni hupenda mabaki yake.

"Vijidudu vya pumu ni bakteria tu."

Kuna kuvu (fangasi) pia. Aspergillus huota kwenye mahindi yenye unyevu, na nyumba nyingi za Njombe na Iringa hulaza magunia chumbani. Kwa baadhi ya wenye pumu kali kuvu huyu hukua ndani ya ute, wakakohoa vipande vigumu vya kahawia. Hao hupimwa damu na huenda wakahitaji dawa ya fangasi pamoja na steroidi. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, yawekwe stoo, na anayeyapukuchua asiwe mwenye pumu.