Wito wa utawa ukubwani maana yake nini?

Ni pale mtu wa miaka 35, 40 au zaidi, ana kazi yake, pengine ni mjane na watoto wameshajitegemea, anaomba kuingia shirika la masista au mabruda. Wengi wakisikia wanasema kachelewa, Kanisa Katoliki haliruhusu. Si kweli, Sheria ya Kanisa imeweka umri wa chini tu, miaka 17 kuanza unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya kuweka nadhiri (kanuni 643), umri wa juu haijautaja kabisa. Ukiambiwa mwisho ni miaka 30 huo ni utaratibu wa shirika lile na jingine linaweza kukupokea, kwa hiyo jibu la shirika moja usilichukue ukadhani ndo jibu la Mungu.

Vinavyozuia kweli ni vingine. Mwenye ndoa ambayo bado ipo hapokelewi hata kama mmetengana siku nyingi, mjane anaweza. Mwenye madeni asiyoweza kuyalipa naye hapokelewi (kanuni 644), sasa kama una mkopo wa benki au wa chuo maliza kwanza.

Halafu malezi hayana mkato kisa wewe ni mtu mzima. Upostulanti (kipindi cha kwanza cha kujaribu maisha ya utawa), unovisi usiopungua miezi 12, nadhiri za muda angalau miaka 3 ndo zije za daima. Yaani mama wa miaka 42 aliyekuwa anaongoza ofisi analelewa pamoja na mabinti wa miaka 20, anaomba ruhusa hata ya kutoka, na hela anayoshika si yake tena. Kwa maoni yangu hapa ndo pagumu kuliko hata sala, lakini pia ndo uzuri wake, huyu anajua kabisa anachokiacha.

Na si jambo jipya. Mtakatifu Alfonso Rodriguez wa Segovia, Hispania, alikuwa mfanyabiashara wa nguo, akafiwa mke na watoto, shirika la Wajesuiti likampokea 1571 akikaribia miaka 40, akawa bruda wa kufungua mlango chuoni kwao Majorca mpaka uzee. Edith Stein, daktari wa falsafa, aliingia Karmeli, monasteri ya masista Wakarmeli, ya Cologne, Ujerumani, 1933 ana miaka 42.

Ukikosa shirika kuna waoblati wa Wabenediktini na Wafransisko Wasekulari, yaani waumini wanaofuata roho ya mashirika hayo, ila hao wanabaki makwao na kazi zao. Ila kwanza ongea na paroko au mkurugenzi wa miito wa jimbo, uombe kwenda kukaa na jumuiya ya watawa wakati wa likizo, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.