Muda wa laivu ni ghali, tusiumalize kwa kulekcha

Nafundisha uhasibu ngazi ya diploma na sehemu kubwa ya vipindi vyangu iko mtandaoni. Nikiwasikia wakufunzi wenzangu wanaongelea kuboresha haya masomo, mara nyingi tunaanzia kwenye vifaa, mara kamera, mara maiki, mara Zoom ya kulipia, ila mimi naona swali la kwanza kabisa ni hili: ule muda ambao mpo laivu wote pamoja, mnaufanyia nini?

Manake hebu piga hesabu. Video inayokula megabiti 1 kwa sekunde, na hapo wala sio video kali, kwa saa moja inamaliza kama MB 450, kipindi cha masaa mawili umeshakaribia GB nzima, na huyo mwanafunzi yuko Nachingwea au Kasulu, bando ananunua kwa hela ileile ya kula. Sauti tupu ya kilobiti 32 kwa sekunde saa nzima ni MB 14 hivi. Sasa mtu anaunguza GB yake anaingia, anakuta mwalimu anasoma slaidi ambazo angetumiwa PDF angesoma mwenyewe usiku kwa utulivu. Inaniuma kwa kweli.

Kwahiyo maelezo yote mimi natoa kabla. PDF nyepesi, na klipu za sauti fupifupi, kila klipu jambo moja tu. Ufupi sio mbwembwe, kuna utafiti wa Philip Guo na wenzake wa mwaka 2014, waliangalia karibu mara milioni 7 ambazo watu walifungua video za masomo ya edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakakuta hata video iwe ndefu vipi, angalau nusu ya watazamaji hawavuki dakika 6. Dakika 6! Na sisi tunarekodi saa zima halafu tunashangaa hawamalizi.

Tukiingia laivu sasa ni maswali. Mfano kwenye kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, mada inayowatesa sana wanafunzi, nauliza hivi: daftari la kampuni linasema benki tuna 900,000, taarifa ya benki inasema 1,100,000, tofauti iliyopo ni cheki moja tu ya 200,000 tuliyomwandikia msambazaji na yeye hajaipeleka benki bado. Salio sahihi ni lipi, 700,000, 900,000 au 1,300,000? Kila mtu anapiga kura kimyakimya kwanza, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, na hapa naomba tusilegeze, maana akishaongea yule kinara wa darasa wengine wote wanamfuata.

Jibu ni 900,000, ila wapo watakaochagua 700,000, na hao ndio wananifundisha kitu. Wamejua cheki inatolewa ila wameitoa kwenye daftari, wakati kwenye daftari ilishatolewa siku ile tulipoiandika, ambaye hajaitoa ni benki. Ukiwa unalekcha hilo kosa hulioni kamwe, utaliona kwenye mtihani tu na hapo limeshachelewa. Basi nawagawa vikundi vya watu wachache, wabishane, kila mtu amshawishi mwenzake, wakirudi wanapiga kura tena ndo naeleza. Sijabuni mimi, Eric Mazur wa Harvard alianza kufundisha fizikia kwa staili hii mwaka 1991, na inahamia mtandaoni bila shida kabisa, hata kwa kura za grupu la WhatsApp.

Baada ya kipindi kuna kwizi fupi isiyo na maksi. Wengine wanaona kwizi ni ya kupima tu, hapana, kwizi yenyewe inafundisha. Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa watu kitu cha kusoma, baadhi wakarudia kukisoma, baadhi wakajaribu kukikumbuka bila kuangalia. Dakika 5 baadae waliorudia walikuwa juu, ila baada ya wiki waliojaribu kukumbuka ndio walibaki na kitu kichwani. Kama chuo chenu kinatumia Moodle, ule mfumo wa kuweka masomo mtandaoni, kwenye mipangilio ya kwizi kuna sehemu ya kuruhusu ifanywe kwenye app bila intaneti, mwanafunzi anaidownload akiwa na mtandao, anaifanya hata akiwa kwenye basi, majibu yanapanda akishika mtandao tena. Waalimu wengi hawajawahi kuigusa hiyo sehemu, iwasheni jamani. Na kwenye kila jibu lisilo sahihi andika sababu, usiache kialama chekundu tu, yule wa 700,000 aambiwe palepale kwamba cheki ameitoa mara mbili.

Kamera silazimishi, anayesoma kwa simu sebuleni kwa shangazi yake na wadogo zake wanapita nyuma ana haki ya kuizima, kura yake inanitosha kujua yupo.

Ila asiyepiga kura vipindi viwili mfululizo huyo namtafuta mwenyewe, simpi CR (kiongozi wa darasa) kazi ya kumtangaza kwenye grupu, namwandikia inbox: "Habari, sijaona kura yako, kuna shida?" Wengi wanajibu siku hiyohiyo, na mara nyingi ni kitu kinachotatulika, simu imeharibika, bando limekata, au amekwama mada ya nyuma akaona aibu kuuliza. Wa bando namtumia klipu WhatsApp, aliyekwama namrudishia lile swali la cheki tuanze nalo upya.