"Imepimwa kwa sumaku, haina ufa." Imepimwa upande gani?

Sentensi hiyo imejaa kwenye karatasi zinazokuja na krankishafti za malori (shafti ya injini inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko), na karibu kila mara swali la kwanza halijajibiwa: sumaku ilielekea wapi? Watu wengi wanaamini kwamba ukishaitia shafti sumaku na kuimwagia chembe za chuma, ufa wowote uliopo utajitokeza. Si kweli, na imani hii inaua injini. Ufa huonekana pale tu unapoikata njia ya sumaku, sumaku ikavuja nje ya chuma na kunasa chembe. Ufa uliolala sambamba na njia hiyo hauvujishi kitu, na shafti mbovu itapewa cheti.

Ukipitisha umeme ndani ya krankishafti kutoka ncha hadi ncha, sumaku inaizunguka. Hapo utaona nyufa zinazokwenda kwa urefu. Lakini ufa wa kuogopwa zaidi uko kwenye kona, pale shingo inayokaa beringi inapoungana na bega, nao huanza kwa kuizunguka shingo. Maana yake umelala sambamba kabisa na sumaku uliyoweka! Ili uuone, lazima shafti iingie kwenye koili, yaani waya wa umeme uliozungushwa kama pete, sumaku ielekee kwa urefu. Nyufa za msokoto, zinazotoka kwenye tundu la oili kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, huweza kuonekana kwa njia zote mbili, na nadhani ndizo zinazowapotosha mafundi: wakishaona ufa mmoja wanajiona wamemaliza. Upande mmoja ni nusu ya kazi. Karatasi isiyotaja pande zote mbili mimi siipokei.

Kwa yoki, sumaku ya umeme ya mkononi yenye miguu miwili, ni vilevile: pima, igeuze nyuzi 90, pima tena palepale. Kabla ya kuanza hakikisha ina nguvu. Ya AC inyanyue kilo 4.5, ya DC kilo 18. Ikishindwa, usiitumie.

Umeme wa kupitisha ndani ya shafti ni ampea 12 hadi 31 kwa kila milimita ya kipenyo. Shingo ya milimita 80 inataka kati ya 960 na 2,480. Anza na sehemu yenye kipenyo kidogo, kisha panda hadi kubwa. Ukizidisha umeme, chembe zitajaa kila mahali na ufa utapotelea humo.

Kosa jingine liko kwenye kumimina. Maji yenye chembe za chuma yawe yameshalowesha sehemu yote, acha kumimina, kisha papo hapo piga umeme. Ukiendelea kumimina baada ya umeme kukatika unauosha mstari uliokuwa unautafuta. Kwa chembe zinazong'aa chini ya taa ya UV, mililita 100 za maji hayo zikitulia zibakize mashapo ya mililita 0.1 hadi 0.4. Taa ya UV itoe angalau maikrowati 1,000 kwa sentimita mraba ikiwa umbali wa sentimita 38, na mwanga wa chumba usizidi laksi 20. Miwani inayobadilika rangi ivuliwe.

Kuna jambo ambalo vitabu vinalipitia haraka mno. Pale sehemu iliyofanywa ngumu kwa joto inapokutana na chuma laini, chembe hujipanga mstari bila ufa wowote. Vitabu vinasema mstari huo huwa na ukungu, wa ufa huwa mkali. Kwenye benchi tofauti hiyo si wazi hivyo. Toa sumaku, safisha, rudia kwa ampea ndogo, angalia kwa lenzi ya kukuza mara 10. Bado kuna mistari nisiyoweza kuihukumu kwa sumaku peke yake. Hiyo huipima kwa rangi ya kupenya, yaani rangi ya majimaji inayoingia ndani ya ufa, na nikibaki na shaka shafti hairudi kwenye injini.

Mwisho toa sumaku: ivute polepole kutoka kwenye koili ya AC ikiwa na umeme, hadi ifike mita moja au zaidi, ndipo uzime. Sumaku inayobaki isizidi gausi 3 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Kisha pitisha brashi kwenye kila tundu la oili na puliza kwa upepo wa kompresa, kwa sababu chembe zikisalia humo zitakwenda moja kwa moja kwenye beringi mpya.