Je, wajua? FBI haiajiri mtu kuwa mchora wasifu wa wahalifu

Mtu anapataje kazi ya kuchora wasifu wa wahalifu, ile ya kutazama chumba cha mauaji na kusema muuaji ana umri gani na anaishi na nani? Kwa kuomba kazi nyingine. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, ndilo lililoipa kazi hii jina, lakini cheo hicho halina. Unaingia kama mpelelezi wa kawaida: uwe raia wa Marekani, umetimiza miaka 23 na hujafika 37, una shahada na uzoefu wa kazi. Unafunzwa Quantico, Virginia, kisha unapangiwa kesi kama wenzako. Kitengo cha Uchambuzi wa Tabia huchukua watu kutoka humo humo ndani, na wengi wanaochaguliwa wameshatumikia miaka 8 hadi 10. Shahada ya saikolojia inasaidia, ila foleni ni ileile.

Mbona basi watu wanaamini wataalamu hawa wana jicho la tatu? Lawama nyingi ziende kwa koti. Miaka ya 1950 jiji la New York lilisumbuliwa na mtu aliyetega mabomu kwenye kumbi za sinema na stesheni za treni. Mwishoni mwa 1956 polisi walimwendea daktari wa akili, James Brussel. Akawaeleza mtu wao: mwanamume wa makamo, hajaoa, fundi, ana kinyongo na kampuni ya umeme ya Con Edison, na siku mtakayomkamata atakuwa na koti la safu mbili za vifungo, tena limefungwa. Januari 1957 George Metesky akakamatwa Waterbury, Connecticut. Alifungua mlango akiwa na pajama. Akaruhusiwa kubadili nguo, akarudi na koti la safu mbili za vifungo, limefungwa.

Kisa kitamu, ila kina matundu. Kinyongo dhidi ya Con Edison hakikuhitaji daktari, maana mtega mabomu alikuwa akikitangaza mwenyewe kwenye barua zake. Habari ya koti tunaipata kwa Brussel mwenyewe, katika kumbukumbu alizochapisha 1968, na koti la aina hiyo halikuwa ajabu kwa mwanamume wa rika lile. Zaidi ya hayo, aliyemfichua Metesky ni karani wa Con Edison, Alice Kelly. Alikuwa akipekua mafaili ya zamani ya wafanyakazi waliodai fidia, akakutana na maneno yaleyale yaliyokuwa kwenye barua za mtega mabomu. Kelly hasimuliwi sana. Faili halina mvuto wa koti.

Wasifu huonekana sahihi kwa njia ileile ramli inavyoonekana sahihi. Mpiga ramli anakwambia kuna jirani mwenye kijicho, tumbo lilikusumbua juzijuzi, na kuna chuma kimefukiwa nyuma ya nyumba. Jirani unaye. Tumbo, nani halijamsumbua? Chuma unakisahau kabla hujafika kwako. Kazi ya kulinganisha anaifanya mteja, naye anatamani ilingane. Ndivyo wasifu wenye "huenda" nyingi unavyosomwa mtu akishakamatwa: yaliyooana yanasimuliwa, yaliyokosa yanaachwa kwenye droo. Nchini Uingereza, Laurence Alison na wenzake walilipima jambo hili, wakachapisha matokeo 2003. Waliwapa polisi wasifu uleule, kundi moja likaelezwa sifa za mhalifu halisi, la pili sifa za mhalifu wa kubuni aliye tofauti naye. Katika kila kundi, zaidi ya nusu waliuona wasifu umelenga.

Hilo halimaanishi kazi yote ni ramli. Mwaka 1986 David Canter, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Surrey, alitumia ramani ya mfululizo wa ubakaji na mauaji ya London kukisia mhalifu anaishi eneo gani. John Duffy, ambaye baadaye alihukumiwa kwa makosa hayo, alikuwa tayari kwenye orodha ndefu ya washukiwa, na kazi ya Canter ikasaidia kumpandisha juu. Kesi moja haithibitishi mbinu, lakini angalau inaonyesha matumizi yenye mashiko: kuipanga upya orodha ambayo polisi wanayo.

Siku hizi wachambuzi wa Quantico wanashinda na mafaili: wanapima kama barua ya vitisho ni ya kweli, wanashauri mshukiwa aulizwe nini kwanza, wanatazama kama kesi za majimbo mawili ni za mtu mmoja. Kumgongea mtu mlango kwa kawaida ni kazi ya polisi wa eneo husika.