Makombe ya Ziwa Victoria si mabaki ya bahari

Kwenye chakula cha kuku kinachouzwa Kampala utaona vipande vyeupe vya makombe ya Ziwa Victoria, vya kumpa kuku kalsiamu ya maganda ya mayai. Wapo wanaoamini kwamba hizo ni dalili kuwa zamani bahari ilifika hapa ikawaacha chaza wake, wanyama laini wanaoishi ndani ya makombe. Si kweli. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na lilitokea pale ardhi ya magharibi ilipoinuka ikazuia mito.

Chaza wa baharini hawezi kuishi Entebbe, kwani anahitaji chumvi. Akiwa mchanga huelea kwa wiki mbili tatu hivi, kisha hutafuta jiwe, mzizi wa mkoko au gamba la mwenzake, anajigandisha na hahami tena maisha yake yote. Hapo huvuta maji, makumi ya lita kwa siku, huchuja vijimea vidogo vya kijani na kuvila. Aina nyingi huanza maisha zikiwa dume, baadaye zikawa jike!

Kinachochanganya watu ni kwamba Mto Nile una kiumbe anayefanana naye, Etheria elliptica. Naye hujibandika mwambani kama saruji, hata penye maji ya kasi, na gamba lake limepindapinda vilevile. Watu humwita chaza wa Nile, jina ambalo mimi silipendi sana, maana ukoo wake ni wa makombe ya maji baridi. Wamefanana tu kwa sababu wote wawili huishi wameng'ang'ania jiwe.