Je, wajua kwa nini hesabu ya mnyama katika kitabu cha Ufunuo ni 666?

Nilipokuwa mtoto hapa Goma niliwahi kukataa kupanda pikipiki ya motari mmoja kwa sababu plaki yake ilikuwa na sita tatu. Niliamini ubaya umo ndani ya tarakimu zenyewe, sita kufuatana na sita na sita, nikawa nazitafuta kwenye noti na kwenye namba za simu. Wengi ninaosali nao bado wanazitafuta hivyo, na kwa hofu ya kweli. Lakini Yohana wa Patmo, mwandishi wa Ufunuo, hakuandika sita tatu.

Aliandika kwa Kigiriki, na tarakimu zetu za leo hazikuwapo. Herufi ndizo zilizohesabia. Nakala za kale zinazofupisha hesabu hiyo zina herufi tatu tofauti: ya kwanza 600, ya pili 60, ya tatu 6. Hakuna inayojirudia! Umbo lile lililonitisha kwenye plaki, wasomaji wa kwanza hawakuliona kamwe.

Walichokuwa nacho ni desturi ya kujumlisha jina. Pompeii, mji uliofunikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 (sisi wa chini ya Nyiragongo tunajua maana yake), ukutani mtu aliandika kwamba anampenda yule ambaye hesabu yake ni 545. Jina hakulitaja.

Jaribu mwenyewe: A iwe 1, B iwe 2, hadi Z 26. Goma ni 7 na 15 na 13 na 1, jumla 36. Sasa jumlisha neno “dini”. Ni 36 pia. Kutoka jina kwenda hesabu njia ni moja. Kurudi, njia ni nyingi. Ni kama mama anayerudi kutoka soko la Virunga akasema tu ametumia faranga elfu kumi. Aliyebaki nyumbani atabahatisha, sambaza au maharage. Aliyebeba kikapu anajua. Ufunuo 13:18 inamwambia mwenye akili aihesabu, na nadhani iliwaambia waliobeba kikapu.

Wataalamu wengi wanamtaja Nero, Kaisari aliyewatesa Wakristo wa Roma na kufa mwaka 68. “Neron Kesar” kwa herufi za Kiebrania ni 50, 200, 6, 50, kisha 100, 60, 200. Jumla 666. Kaisari kwa kawaida huandikwa na herufi moja zaidi, yenye thamani ya 10, na hapo hesabu inaharibika. Ila hati ya deni ya wakati wa Nero, iliyopatikana Murabba'at karibu na Bahari ya Chumvi, imeliandika bila herufi hiyo.

Kinachonivutia kuliko vyote ni kwamba kipande cha mafunjo chenye maandishi ya Ufunuo, kutoka Oxyrhynchus, Misri, kinasema 616 badala ya 666. Ukimwita Nero kama Walatini, bila “n” ya mwisho, unapunguza 50 na kupata 616 hasa.

Hata hivyo sina uhakika wote. Kitabu kiliandikiwa watu waliosema Kigiriki. Kwa nini wahesabu kwa Kiebrania? Na Mtakatifu Ireneo, askofu aliyeandika yapata mwaka 180, aliijua 616 na kuikataa, akajaribu majina kadhaa kwa 666. Nero hamo kati ya hayo.