Kutoa chuma si kuchambua plastiki

Kwenye yadi za skrapa hapa Arusha, Unga Limited hadi Ngarenaro, utasikia "plastiki hii imeshachambuliwa." Fungua gunia: kava la TV ya chogo, kibodi, king'amuzi, chaja na vipande vya printa, vyote pamoja. Kilichofanyika ni kufungua skrubu, kutoa nyaya na sakiti. Kuchambua plastiki za taka za kielektroniki ni kuzitenga kwa aina zake, kisha kutenga zilizotiwa kemikali za kuzuia moto na zisizotiwa.

Kava nyingi ni ABS au HIPS, nyingine ni PC (polikaboneti) au mchanganyiko wa PC na ABS, na ganda la waya mara nyingi ni PVC; herufi hizi zote ni majina ya aina za plastiki. Ukiziyeyusha pamoja hazishikani vizuri, na kinachotoka huvunjika kirahisi. PVC ikipata joto la kuyeyushia ABS hutoa gesi yenye asidi, inayodhuru mapafu ya fundi na kula chuma cha mashine.

Wapo wanaogeuza kava wakitafuta pembetatu yenye namba. Alama hiyo ilianzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki, ikilenga chupa na vifungashio. Namba 1 hadi 6 zina aina zake, 7 ni "nyinginezo", na ABS na PC zote huangukia humo. Kwa hiyo hata ukiikuta 7 kwenye kava, bado hujui umeshika nini. Wala pembetatu haijawahi kuwa ahadi kwamba kitu kitarejelezwa. Inataja aina tu. Kwenye vifaa vya umeme tafuta herufi zilizochongwa kwa ndani: ABS, PS-HI (ndiyo HIPS), au PC+ABS-FR(40). FR ndiyo ya kukodolea macho, maana inasema kava lina kizuia moto. FR(40) ni cha fosforasi, FR(17) ni cha bromini.

Bromini ndiyo inayonifanya nisiache jambo hili lipite. Baadhi ya kemikali za kuzuia moto zenye bromini hazivunjiki kwenye mazingira na hujikusanya mwilini, na Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za aina hiyo, ambao Tanzania ni mwanachama, uliziorodhesha kadhaa mwaka 2009 na nyingine, decaBDE, mwaka 2017. Kava la TV lililosagwa bila kutengwa linaweza kurudi likiwa mwiko wa plastiki mweusi au kichezeo cha mtoto. Vipimo katika nchi mbalimbali vimezikuta humo.

Rangi haisaidii. Nyeusi inaweza kuwa plastiki yoyote, na hata mashine za viwandani zinazotambua plastiki kwa mwanga hushindwa kuisoma kwa sababu ya masizi yaliyotiwa humo kama rangi.

Kinachosaidia ni maji. Katika maji safi, PP na PE, plastiki nyepesi kama za ndoo na mifuko, huelea, ABS na HIPS huzama. Chukua zilizozama, uzitie kwenye maji yenye gramu 160 hivi za chumvi kwa kila lita: ABS na HIPS za kawaida huelea, na zenye bromini nyingi huzama pamoja na PC na PVC. Iliyozama ni ya kushukiwa tu, si uthibitisho, kwa sababu PC safi nayo huzama. Iliyoelea nayo inaweza kuwa na bromini kidogo iliyotoka kwenye plastiki ya zamani, na hapo kinahitajika kipimo cha eksirei.

Kwa hiyo ndugu aliyetoa skrubu na chuma amefanya kazi ya kwanza, na inastahili malipo. Ila gunia aliandike "plastiki mchanganyiko ya vifaa vya umeme", ili anayelinunua ajue kwamba kuchambua bado.